Mkono wa Penseli

Jina alilopewa na wazazi lilisahaulika mapema. Wote walimwita Penseli, maana penseli haikumtoka nyuma ya sikio tangu enzi za karakana ya baba yake, fundi seremala, alipokuwa akichora nyuso kwenye mbao za wateja na kulambwa makofi kwa utundu huo. Alipokua, chuo kikuu kikamwajiri achore vitu vinavyofukuliwa ardhini: vigae, shanga, mifupa. Huko ndiko alikompata mumewe, Profesa, au tuseme Profesa ndiye aliyempata yeye.

Huyo Profesa, nisikufiche, simpendi. Mbele ya watu ulimi wake ulikuwa asali. Kila likizo ndefu aliongoza wanafunzi kwenda kuchimba makaburi ya kale, na hakuna aliyemzidi kuusoma mfupa. Nyumbani alikuwa mnyama. Alimpiga mkewe kwa chai iliyopoa, kwa mchoro uliochelewa, kwa kucheka na dereva wa chuo. Likizo ya mwaka uliopita alimvunja mkono wa kushoto kwa fimbo ya kupimia kina cha shimo. Penseli akawaambia wanafunzi kwamba ameanguka kutoka kwenye ngazi. Mama yake alipoiona ile plasta alielewa mara moja, lakini akasema, "Vumilia, mwanangu. Mume msomi haokotwi njiani."

Akavumilia. Mfupa ukaunga, umepinda kidogo.

Mwaka huu kambi ilikuwa haijakaa sawa wakati Profesa alipomfuata mkewe kwenye hema la kuhifadhia vitu. Eti alikuwa amemkatiza akizungumza na wageni. Akamshika nywele, akambamiza kichwa kwenye kona ya meza mara mbili, masanduku ya vigae yakamwagika. Damu ikadondokea mchoro uliokuwa mezani. Profesa akatoa leso, akaipangusa karatasi kwanza. Kisha akamtupia leso ile ile.

"Umejigonga kwenye nguzo," alimwambia. "Sawa?"

"Sawa."

Kesho yake asubuhi wakaufikia mwili kaburini, mifupa mitupu. Alikuwa mwanamke. Mwanafunzi mmoja msichana, ambaye wenzake walimwita Maswali kwa sababu hakuwa na breki, aliufuta mchanga kwa brashi hadi mkono wote ukaonekana. Penseli alikuwa humo humo shimoni, ubao wa kuchorea magotini, bandeji kichwani. Profesa alisimama ukingoni na fimbo yake, darasa zima limemzunguka.

"Tazameni mkono wa kushoto," alisema. "Ulivunjika, ukapona, ukapinda."

Maswali akainua kichwa. "Labda alianguka, Profesa? Kama Mama Penseli mwaka jana?"

Mtu mwenye akili angekohoa, akabadili mada. Lakini ulimi uliponza kichwa, na huyu bwana hakuwahi kuliacha swali lipite bila kujionyesha.

"Hapana! Anayeanguka hutanguliza kiganja, kwa hiyo huvunjika hapa chini, karibu na kiganja. Huyu kavunjika katikati, tena mfupa mmoja tu, wa upande wa kidole cha mwisho. Alijikinga, hivi." Akainua mkono wake mbele ya uso. "Aliyempiga alisimama mbele yake. Mimi naona ni mtu aliyeishi naye, maana alisubiri apone, kisha akarudi kummalizia kichwani."

Penseli alilitazama fuvu. Tundu lilikuwa juu ya sikio la kushoto, pale pale jeraha lake lilipokuwa likipwita chini ya bandeji. Hofu ikamshika, si ya kipigo, ile alikwisha kuizoea. Aliogopa kufa. Akaweka ubao chini, akakunja mkono wa blauzi, akaulaza mkono wake kando ya ule mfupa. Ulipinda mahali pale pale.

"Na huyu je, Profesa?" aliuliza. "Mimi nilianguka?"

Profesa alicheka, akaona anacheka peke yake. Akaruka shimoni, akainua fimbo. Penseli akajikinga kama alivyozoea, na darasa zima likausikia mkono ukivunjika. Fimbo ilipopanda tena, Maswali alimrukia mgongoni akamng'ata sikio mpaka damu ikamtiririka shingoni. Dereva akaja mbio na mpini wa sururu, akamtandika magotini. Akaanguka. Wanafunzi wakashuka na mabuti yao, wakamkanyaga mbavu, mikono, mdomo, wale wale waliokuwa wakimbebea begi.

"Basi! Mtamkanyaga!" Penseli alipiga kelele. Wakadhani anamwonea huruma mumewe. Kumbe alikuwa ameinama juu ya yule mwanamke wa kaburini, akimkinga kwa mkono uliobaki mzima.

Kwenye kituo cha polisi, afande aliwatazama wote wawili: mke na mkono uliovimba, mume kwenye benchi akitema damu na vipande vya meno.

"Mama, ndoa zina mambo yake," alisema. "Una hakika hukuanguka?"

"Muulize yeye, afande. Ndiye mtaalamu."

Afande akamgeukia mume. "Haya, Profesa. Mtu akianguka, huvunjika wapi?"

Profesa akatoa leso, akapangusa mdomo.

"Mwambie," alisema Penseli. "Asubuhi ulikuwa unajua."