Usaili wa Tisa

Wanane walikwisha kuitwa, wanane wakarudi walikotoka, na wote waliimba wimbo uleule: programu hii itupwe, iandikwe upya. Waandishi wa programu ni kama mawifi. Wifi akiingia jikoni kwako, hata mchuzi hajauonja, ameshaanza kulaumu sufuria.

Mwanamke aliyekuwa akiwasaili aliitwa Bosi, ingawa kampuni yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya mbele vya nyumba yake na meza tatu. Programu iliandikwa na mumewe, ambaye wateja walimwita Fundi. Kwa miaka kumi na minne ilizisaidia zahanati kujua dawa ipi ipo na ipi imekwisha. Bosi hakujua kuandika hata mstari mmoja; kazi yake ilikuwa kuuza, kuajiri na kupokea lawama. Sasa Fundi alikuwa chumba cha nyuma, ameshikwa na ugonjwa wa kusahau, siku nyingine hata kijiko hakijui. Daktari alisema ulianza mwaka jana.

Na programu nayo ilikuwa imeanza kudanganya. Inasema dawa ya pumu imekwisha, kumbe kabati limejaa, na wagonjwa wanarudishwa nyumbani wakikohoa. Zahanati kumi na tisa zilikuwa zimebaki saba. Mwezi huu ukiisha bila kupata mtu wa kuitengeneza, kampuni isingepona. Maji yalikuwa yamefika shingoni.

Lakini hakutaka mtu wa kufuta. Tuseme ukweli, ulikuwa ukaidi, ila nani angemlaumu? Ndani ya programu ile mumewe bado alikuwa mzima. Mle alihesabu, alikumbuka, alipanga mambo kwa akili ileile iliyomfanya Bosi ampende. Amwajiri mtu aje aifute? Wa sita, kijana wa viatu vya kung'aa, alipotamka, "Mama, huu ni uchafu," Bosi alimfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Wa tisa alikuwa binti mnyamavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipewa saa moja kama wenzake, akaomba nyingine mbili.

"Aliyeandika hii alikuwa hodari kwelikweli," alisema mwishowe. "Sehemu za zamani ni safi mno. Mimi sifuti, Mama."

Bosi alitaka kumkumbatia. Miezi minne alikuwa hajasikia neno tamu kama hilo.

"Kosa la dawa nimelipata," binti aliendelea. "Liko kwenye sehemu za miaka mitatu iliyopita. Kazi moja ameiandika mara tano, kama mtu aliyesahau kwamba ameshaifanya. Halafu kaacha vijimaneno vyake katikati, vile ambavyo mashine huvipita tu bila kuvisoma. Nikusomee?"

"Soma."

"'Sikumbuki sehemu hii inafanya nini. Mwandiko ni wangu.'" Akashuka chini kidogo. "'Leo nimepotea tena. Mke wangu ananiona mvivu. Heri anione mvivu.'"

Binti akacheka kidogo, bila ubaya wowote. Hakuambiwa aliyeandika ni nani. "Sisi watu wa kazi hii tuna vituko."

Miaka mitatu. Bosi aliukumbuka mwaka ule wa kwanza vizuri sana. Ndio mwaka aliomfokea mbele ya wateja, akamwita goigoi, akamnunia wiki nzima. Naye Fundi alitabasamu tu, akaomba radhi. Kumbe hata mle ndani ya programu hakuwa mzima, na alikuwa peke yake.

"Umepata kazi," alimwambia binti. "Tengeneza unavyoona inafaa."

Akaenda chumba cha nyuma. Fundi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, vifungo vya shati vimekwenda kombo. Bosi akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono.

"Mume wangu, nisamehe. Sikujua. Wallahi sikujua."

Fundi alimtazama kwa upole, upole wa mtu anayempokea mgeni.

"Umekuja kwa ajili ya usaili?"

Bosi aliiachia mikono yake taratibu.

"Usiogope, dada. Anayeajiri ni mke wangu. Mkali kidogo, lakini ana roho nzuri." Akasogea, akapigapiga godoro kumwonyesha nafasi. "Kaa hapa umsubiri. Hatachelewa."

Bosi akakaa.