Paka Aliyelamba Uji wa Mkwe Wangu

Paka wa binti yangu alilamba uji wa mumewe. Kufika adhuhuri kalala chini ya cherehani, miguu imekakamaa kama kuni.

Sikuhadithiwa, wajukuu zangu. Nilikuwepo.

Kitendawili! Kimoja huponya, viwili huzika. Haya, tegueni huku mkisoma.

Binti yangu ni fundi cherehani. Mumewe huchomelea mageti, mtaa mzima unamwita Cheche. Nilikuja kuwatembelea nikamkuta mwanaume kaisha. Akiinuka tu, anashika ukuta.

"Baba, unaumwa?" nikamuuliza.

"Chuma kinaumwa, mama?" Akacheka. Jasho linamtoka, na kumepoa.

Asubuhi baada ya kumzika paka, nikachungulia jikoni.

Binti yangu anasaga kitu cheupe kwa mgongo wa kijiko. Akakitia kwenye bakuli la mumewe. Akakoroga. Akafuta meza, hata chembe isibaki.

Nimezaa muuaji?

"Nini hicho, mwanangu?"

"Sukari, mama."

"Tangu lini sukari ikasagwa?"

"Mama watoto, uji!" Cheche huyo, sebuleni.

Nikaubeba mimi. Mlangoni nikajikwaa, makusudi. Bakuli chini, paa!

"Mama! Utaniulia mume!"

"Mimi au wewe?"

Hapo akaangua kilio. Kumbe Cheche ana presha. Dawa alizikataa mbele ya daktari: fundi akijulikana mgonjwa, wateja wanahamia kwa jirani, na watoto watakula nini? Basi mke akawa anazinunua kwa pesa ya cherehani na kumlisha kwenye uji. Paka alilamba dozi ya mtu mzima, angeponea wapi?

"Anadhani nampikia tu. Mimi ndiye ninayemweka hai!"

Cheche alikuwa kasimama nyuma yetu, uso umekuwa majivu. Akaingiza mkono ndani ya buti lake la kazi, akatoa pakiti.

Vidonge vilevile.

"Niliogopa kufa," akasema polepole. "Nameza kila siku. Sikutaka ulale na hofu, mke wangu."

Tukamkimbiza zahanati. Nesi akapima, akapima tena, akamgeukia binti yangu.

"Presha imeshuka mno. Dada, ungechelewa kidogo ningekuwa naongea na mjane."

Mmetegua? Mliosema dawa, nipeni mji! Jibu ni siri. Ya mmoja iliponya. Ya wawili ilikuwa inachimba kaburi, na wote wanapendana. Mnaooana, semezaneni.

Siku hizi vidonge vinakaa mezani, karibu na chumvi. Cheche anameza, mkewe anamtazama.

Ila mimi uji wa nyumba ile naunusa kwanza.