Pembe Niliyomwongezea Ng'ombe wa Kijiji

Bado naona aibu. Kijiji chetu ni kidogo, lakini kina bendera yake, na najivunia hilo mno. Shangazi aliniomba niichore upya kwa sherehe yetu hapa Parramatta, mtaa wa Sydney, Australia. Nililetwa huku nikiwa mchanga, na kuchora nimejifunza mwenyewe kwenye simu. Kosa dogo tu hunikosesha usingizi. Ng'ombe wa kwenye nembo ya bendera hiyo alikuwa na pembe moja. Nikadhani mchoraji alisahau, nikamwongezea ya pili.

Bendera ilipofunuliwa ukumbini, Shangazi aliisogelea.

"Mwanangu, ng'ombe huyu ni wa nani?" Shangazi akauliza.

"Wetu, Shangazi."

"Wetu alivunjika pembe akipigana na fisi. Mwaka wa njaa, maziwa yake ndiyo yaliyotuokoa, mimi na baba yako. Huyu wako ni mzuri, lakini hatumjui."