Paukwa ya Mchana Kweupe

Loo! Mpaka leo nikikumbuka siku ile mwili unanisisimka.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni juzi tu, kichwa kimejaa Ujamaa na maendeleo, nafundisha fasihi kidato cha tatu kwenye shule ya wasichana huku milimani Lushoto. Wasichana wale walikuwa moto. Ukiwapa kisa wanakichambua mpaka mwalimu unatamani kukimbilia ofisini. Kwa hiyo nilipowaagiza kila mmoja aje na ngano ya bibi yake, nilijua tutafurahi.

Saa nane mchana, tumetoka kupalilia kabichi za shule, nikamwita wa kwanza, binti hodari kuliko wote. Akasimama, akainamisha kichwa.

"Samahani mwalimu, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Ngano haisimuliwi mchana. Ukisimulia, mama yako anakufa. Na mama yangu amelazwa hospitali."

Nilipandwa na hasira. Ushirikina, tena kwenye darasa langu! Nikamwambia asiposimulia nampeleka kwa mkuu wa shule, na alijua fika kwamba waliokaidi walimu walirudishwa kwao. Machozi yakamtoka, lakini mdomo hakufungua.

"Haya, nitazameni mimi," nikasema. "Mama yangu yuko Mazinde, mzima wa afya. Paukwa!"

Darasa zima, hakuna hata mmoja aliyeitikia. Wengine walikuwa wamejiziba midomo kwa viganja.

"Paukwa!" nikarudia kwa ukali.

Binti yule akaangua kilio. "Mwalimu, tafadhali, mhurumie mama yako!"

Nilipigwa na butwaa. Nilidhani wananigomea, kumbe wananililia mama! Wasichana wakatoka mbio hadi bwenini, wakarudi na mablanketi, wakayatundika madirishani mpaka darasa likawa giza tupu.

"Sasa sema, mwalimu," akasema mmoja.

Nikasema paukwa. "Pakawa!" wakaitikia wote kwa pamoja, nikashtuka mpaka chaki ikanidondoka. Binti yule akasimulia ngano yake mwanzo mpaka mwisho, humo humo gizani. Nimefundisha miaka mingi, sijapata tena kipindi kama kile.

Jumamosi nikateremka Mazinde. Nikamweleza mama huku nacheka, nikitegemea naye atacheka. Mama yangu huyu, aliyenisomesha kwa jembe lake! Hakucheka. Aliweka ungo chini, akanikazia macho.

"Mchana kweupe, ulisema paukwa?"

"Nilisema, mama. Mara mbili."

"Wakaitikia?"

"Hawakuitikia."

Akashusha pumzi ndefu. Akaingia ndani, akatoka na mkungu mzima wa ndizi mbivu, akanitwika.

"Wapelekee hao wanangu," akasema. "Na wewe usithubutu kula hata moja."