Kijiti cha Nyumba ya Obwocha

Ilikuwa mwaka wa sitini na sita. Hapana, nisidanganye: ilikuwa sitini na saba, maana mwaka huo ndio mvua ya mawe iliichapa chai ya Nyamache mpaka mashamba yakabaki vijiti vitupu, na Walter Ogari, kijana wa huko, aliingia chuo cha ualimu akiwa na kovu la mvua hiyo juu ya nyusi.

Chuo chenyewe kilikuwa mlimani, ng'ambo ya mji wa Kisii. Chumba alichopewa kilikuwa chembamba, vitanda viwili, na kupita katikati ilibidi mtu atembee ubavu. Lakini Walter alilelewa na mama aliyesiriba nyumba yake ikang'aa kuliko sahani, basi hakukubali kulala kama gunia ghalani. Aliinua kitanda chake juu ya matofali, sanduku likaingia chini. Akakata leso kuukuu ikawa pazia. Akasimamisha dirishani chombo cha jiwe laini la kuchonga la Tabaka, lile la rangi ya waridi, akatia maua ya porini. Kuta akazibandika magazeti kwa uji mzito wa wimbi, na panya wakaja usiku kuulamba.

"Ogari," Alfayo wa chumba cha pili akamuuliza, "umepamba ukuta au umewapikia wageni?"

Upande wa pili ulikuwa wa Obwocha, kijana mpole kutoka Nyamira. Jumamosi moja alisema anafika soko la Masimba mara moja, atarudi kabla ya chakula. Koti lake likabaki kwenye msumari, viatu vya darasani chini ya kitanda. Wiki zikapita. Chuoni watu walisema amekwenda kwao, na Manasseh, msimamizi wa bweni, akasema mtoro hatafutwi.

Juu ya kitanda cha Obwocha kulikuwa na rafu, na juu ya rafu nyumba ndogo ya msonge aliyoitengeneza mwenyewe, fito na nyasi, mfano wa nyumba yake ya ujana kule kwao. Hata kijiti cha kilele alikiweka. Mgusii yeyote anakijua kijiti hicho. Mwenye nyumba akiwa hai, kinasimama juu ya paa. Akifa, kinashushwa, na mpita njia akiangalia paa hahitaji kuuliza.

Sasa Mkuu wa chuo akatangaza ukaguzi wa vyumba. Walter alitaka kukisogeza kitanda cha Obwocha aweke meza chini ya rafu ile, lakini rafu ilikuwa chini mno, ikimgonga kichwa. Akaing'oa, akaipigilia juu zaidi, karibu na boriti. Nyumba ikakataa kuingia. Ilizidi kwa kijiti tu. Wakati huo Walter hakuona nyumba, aliona kimo. Akakivunja kijiti, akakitupa dirishani, akapiga mluzi akitafuta nafasi ya taa. Chumba chake kikasifiwa siku ya ukaguzi.

Jumapili iliyofuata akaja mama mmoja na kikapu cha ndizi. Alikuwa Nyanchera, mama yake Obwocha. Alisifu pazia, akasifu magazeti, kisha akauliza mwanawe amekwenda wapi. Walter akasema walidhani yuko nyumbani. Mama akatabasamu, akidhani vijana wanamtania. Halafu akainua macho kwenye rafu, na tabasamu likabaki usoni bila kazi.

"Nani alikwambia?" akauliza, polepole.

"Kuniambia nini, mama?"

"Wewe ni mtu wa kwetu. Usinifiche."

Walter akafuata macho yake, na ndipo alipoona alichokifanya. Akaeleza habari ya rafu, ya boriti, ya meza, akarudia mara kadhaa, na kila aliporudia ilisikika zaidi kama uongo.

"Mtu wa kwetu hashushi kijiti kwa sababu ya meza," mama akasema. Akalitoa koti msumarini, akalikunja kama mtu anayefunika mtoto, akaondoka. Ndizi aliziacha. Ziliiva, zikawa nyeusi, harufu ikajaa chumbani, na hakuna aliyezila.

Alfayo ndiye aliyeleta habari, na safari hii hakutania. Koti lilipofika Nyamira, mzee Okemwa, baba yake Obwocha, ambaye siku zote alikuwa akisema kijana atarudi, alilipokea, akatoka nje. Akaegemeza ngazi, akapanda paa la nyumba ya mwanawe, akashusha kijiti. Watu wakaanza kulia.

Walter alikwenda huko mwenyewe kumwomba mzee akirudishe. Alipokewa vizuri, akapewa kiti na chai, na wema huo ulimuumiza kuliko matusi. Akaeleza tena habari ya rafu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Basi tuseme yu hai," mzee akasema. "Mkono wako ulikitafuta kijiti kwa nini? Mkono hujua kabla ya mwenyewe."

Njia nzima ya kurudi Walter aliutazama mkono ule kana kwamba ni wa mtu aliyepanda naye gari.

Likizo ilipofika alipigilia dirisha misumari, akafunga mlango kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo akauvaa shingoni. Aliporudi, kufuli lilikuwa kama alivyoliacha, na misumari vilevile. Ndani, vumbi kila mahali, magazeti yamebambuka, maua makavu. Lakini rafu ilikuwa imeshuka. Ilikuwa kwenye mashimo yake ya zamani, na nyumba ndogo juu yake ilikuwa na kijiti kipya, kibichi, gome bado lina utomvu.

Alimuuliza Manasseh, naye akaapa hana ufunguo mwingine. Alimuuliza Alfayo, akatikisa kichwa na kuanzia siku hiyo hakukanyaga chumba kile. Akaibeba nyumba ile mpaka Nyamira. Nyanchera alikigusa kijiti, akakinusa, akaiweka nyumba karibu na kitanda chake. Mzee Okemwa aliitazama kwa mbali. Hakupanda paa tena, na Obwocha hakuonekana Nyamira, wala Masimba, wala popote.

Walter alifundisha Nyamache miaka mingi, na katika kila nyumba aliyokaa rafu aliziacha pale alipozikuta. Kila akikutana na mtu aliyesoma chuo kile, akishamsalimu na kuuliza hali za watoto, humuuliza lile moja: katika chumba kilichofungwa, ni nani aliyeishusha rafu na kukirudisha kile kijiti?