Mkono wa Idd wa Zuhura

Nichekeni tu, nimejitakia. Idd pili nilimpeleka mwanangu Zuhura, wa miaka sita, kwenye bembea kule Temeke. Miguu yake haina nguvu, kwa hiyo nilimkalisha kwenye mkeka na gauni lake la mtumba, nikaenda kukata tiketi. Kugeuka, namwona mzee wa kanzu anamtilia sarafu kiganjani. Hasira zikanipanda. Nikampokonya mtoto ile sarafu, nikamrudishia mzee mbele ya watu.

“Mwanangu si ombaomba!”

Mzee akaitia sarafu mfukoni. Nyuma yake watoto kibao, wazima wa miguu, walikuwa wamekinga viganja, wanasubiri zamu yao.

Zuhura akanivuta suruali. “Baba, mie nimemwamkia, nikamwomba mkono wa Idd kama wenzangu. Haya, kamwombe radhi, na hela yangu uje nayo.”