Nilisimulia riwaya ya upelelezi ya Sweden kule Ngulyati, mama mdogo akauliza swali lililotunyamazisha

Wakuu, nawasalimu kutoka Bariadi.

Nimewaona mnavyobishana humu kuhusu riwaya za upelelezi za Wasweden. Wengine mnasema ziko slow, mpelelezi anakunywa kahawa kitabu kizima na baridi haiishi. Wengine hamtaki kusikia lolote baya juu yake.

Mimi sijaja kubishana. Nimekuja kueleza kilichotokea kwenye familia yetu kwa sababu ya mojawapo. Nimebadilisha majina ya watu tu, mengine yote yako kama yalivyokuwa.

Nina kiduka cha dawa hapa mjini. Msimu wa pamba uliopita nilimwachia mwenzangu duka nikaenda Ngulyati kwa mama mdogo Kabula, ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Kwenye begi nilikuwa na riwaya ya Kiswidi iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, nimeazimwa na rafiki.

Mchana tulikuwa tunakaa barazani kuchambua pamba, safi huku, fifi, yaani ile chafu, kule. Mikono inafanya kazi, mdomo hauna kazi. Limi, binti wa mama mdogo, akaniomba nisimulie ninachosoma. Nikaanza, Kiswahili kikigoma naingiza Kisukuma.

Sasa wakuu, mngesikia maoni ya barazani mngecheka.

Bibi yetu hakushangazwa na mauaji. Alishangaa kwamba mzee mmoja kafia ndani na majirani hawajui mpaka mtu wa posta anagundua. Akauliza hao watu wamemkosea nini Mungu hadi hakuna anayepita kuwajulia hali asubuhi.

Limi yeye kila anayetajwa anamshuku. Daktari, mchungaji, hadi mpelelezi mwenyewe. Alisema mwanaume aliyeachwa na mke na halali usiku hawezi kuwa salama.

Mama mdogo hakuwa anachangia. Alikuwa anachambua tu.

Siku ya pili nikafika penye siri ya kitabu. (Kama hupendi spoiler, ruka aya hii.) Kuna kijana alipotea miaka mingi, kijiji kizima kinaamini alienda kufanya kazi melini, kwa sababu salamu zake zinafika. Mpelelezi anazunguka nyumba kwa nyumba anauliza kitu kimoja: salamu hizo alikuletea nani? Kila nyumba wanataja mtu yuleyule. Binamu yake. Hakuna mwingine yeyote aliyewahi kumsikia.

Limi akapiga makofi, akasema hapo kitabu kimemkamata.

Mimi nikamwangalia mama mdogo. Alikuwa ameacha kuchambua. Donge la pamba liko mkononi, halishuki.

Niwape historia kidogo. Mume wake, baba mdogo Maduhu, aliondoka wakati Limi yuko tumboni. Alienda machimbo ya dhahabu upande wa Geita, yeye na kaka yake, Jilala. Jilala alirudi, Maduhu hakurudi. Enzi hizo simu kijijini zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Jilala akawa anakwenda na kurudi, analeta salamu. Analeta na kanga, sare za shule za Limi, gunia la mahindi mwaka wa njaa. Anasema Maduhu ametuma.

Halafu watu wakaanza kusema Maduhu ameoa huko. Jilala alikuwa anasikia, hakukubali wala hakukana. Mama mdogo akabeba aibu ya mwanamke aliyeachwa. Nimekua nikijua kwamba pale nyumbani jina la Maduhu halitajwi. Limi alifundishwa kwamba baba yake ni mtu asiye na haya.

Sasa mama mdogo akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Salamu za Maduhu, kuna mtu mwingine aliwahi kuzileta zaidi ya shemeji Jilala?"

Mimi wakuu, kitabu kiko mapajani nakiona kama nyoka.

Asubuhi yake Jilala alikuja kutusaidia kubeba pamba. Akasalimia "mwangaluka" kama siku zote. Mama mdogo hakuitikia. Akamwambia:

"Shemeji, mume wangu yuko wapi?"

Nilitegemea abishe. Nilitegemea akasirike. Yule mzee aliweka kofia chini, akakaa juu ya udongo.

"Alikufa, Kabula. Alikufa zamani."

Limi alipiga ukelele, bibi akamshika. Mimi akili yangu bado ilikuwa kwenye kitabu, na kwenye kitabu binamu ndiye aliyekuwa anashukiwa kuua. Nikamuuliza waziwazi kama alimuua. Hakukasirika. Alisema shimo lilititia Maduhu akiwa ndani, wakachimba wakashindwa, mwenye shimo akaamuru lifukiwe. Yeye ndiye aliyemshawishi waende. Alirudi nyumbani kuja kusema, akamkuta Kabula amejifungua siku hiyohiyo, amelala na mtoto, anauliza mwenzako yuko wapi.

Akajibu, anakusalimu.

Alisema alipanga kusema mtoto akikaza shingo. Halafu akitambaa. Halafu mavuno yakiisha. Zile sare na mahindi alinunua kwa kuuza ng'ombe zake mwenyewe, ndiyo maana zizi lake lilikuwa tupu na sisi tulimwona mvivu.

Mama mdogo hakumwamini kwa maneno matupu, na mimi sikumwamini. Tukapanda basi, mimi, yeye na Jilala, mpaka huko machimboni. Pale palipokuwa na shimo sasa pamelimwa mihogo. Tuliuliza watu wengi, wengi ni wageni. Mwisho tukampata mama mmoja aliyekuwa akiwapikia wachimbaji tangu enzi zile. Tulimtaka Jilala akae mbali asitie neno.

Yule mama alimkumbuka, akasema kweli shimo lilimfukia. Alisema Maduhu wa Bariadi alikuwa mtu wa maneno mengi, na siku zile alikuwa ameshawaaga wenzake kwamba wiki hiyohiyo anarudi kwa mke wake, anakaribia kujifungua.

Mama mdogo alisimama kwenye ile mihogo muda mrefu. Nilidhani atalia. Akasema taratibu, kama anajiambia mwenyewe:

"Kumbe hakunikimbia."

Hapo ndipo akalia. Na mimi nililia wakuu, siwafichi.

Tuliweka matanga Ngulyati bila maiti. Tulitoka na udongo wa kule, tukauzika. Limi hadi leo hamsemeshi Jilala. Mama mdogo humpelekea chakula, ila hawezi kukaa akamtazama akila.

Nilichojifunza: habari za ndugu aliye mbali zikipita mdomo mmoja tu, funga safari ukaulize mwenyewe. Na kama umebeba taarifa ya msiba, iseme siku hiyohiyo, hata kama mtu ana kichanga mkononi.

Wanaosema riwaya hizi zinaboa, sawa, maoni yenu. Mimi yangu niliimalizia dukani peke yangu.

Sasa nisaidieni. Limi anasema Jilala alimwibia baba mara mbili, kwanza kwa kumpeleka machimboni, kisha kwa kuacha jina lake lichafuliwe. Bibi anasema Jilala huyohuyo ndiye aliyemlea Limi. Mngekuwa nyie mngemsamehe?